Namna ya kuuza kondomu mwaloni, kwa anayeanza

Ukifika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na katoni yako ya kondomu, usianze kwa kuuliza duka kubwa ni la nani. Uliza nani huwa bado yuko macho saa tano usiku. Kama huna muda wa kusoma yote niliyoandika hapa, ondoka na swali hilo moja.

Nimeuza kondomu za bei ya ruzuku kwenye mialo na madago, yaani kambi za wavuvi, ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza na Ukerewe, tangu mwaka 2003. Kabla ya hapo nilikuwa mama lishe: chai, chapati, uji wa alfajiri kwa wavuvi wanaoshuka kwenye mitumbwi. Niliingia kazi hii kwa sababu ya mdogo wangu wa mwisho, baharia wa dagaa, tuliyemzika mwaka 2001, miaka mitatu kabla serikali haijaanza kutoa ARV bure. Siku zile ukisikia fulani amekanyaga miwaya, yaani ana virusi vya UKIMWI, ulianza kuhesabu miezi. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kuzikataa kondomu. Zilikuwepo, tena bure, kwenye zahanati iliyokuwa kilomita sita kutoka dagoni kwao, na mlango wake ulifungwa saa tisa na nusu alasiri. Yeye alikuwa akirudi ziwani, analala mchana, anaamka jioni. Hakuwahi kukutana na mlango ule ukiwa wazi.

Kazi yako ni kuziondoa kilomita sita zile.

Watakuuliza kwa nini unauza

Kila dago nililofika niliulizwa: "Mama, hizi si za msaada? Mbona tunauziwa?" Jibu vizuri, bila kukasirika, maana swali ni la haki.

Mwenye duka huagiza kile kinachompa faida. Ukimpa boksi la bure atalipokea kwa mikono miwili, ataliweka chini ya meza, na likiisha hatakupigia simu, kwa sababu kuisha kwake hakumpunguzii kitu. Mpe bidhaa anayoinunua kwako kwa bei ndogo na kuiuza kwa bei ndogo iliyozidi kidogo, na ikibaki pakiti mbili atakutafuta mwenyewe. Tuseme ananunua pakiti ya tatu kwa shilingi 350 na kuuza 500. Hiyo 150 ndiyo inayomfanya akumbuke. Mfadhili anabeba gharama kubwa ya kutengeneza na kusafirisha, mteja analipa kidogo, na muuzaji anapata sababu ya kuendelea kuiweka. Mpango wenyewe ndio huo.

Na ni mpango wa siku nyingi. Mwaka 1968 serikali ya India ilitoa kondomu iitwayo Nirodh, paisa 15 kwa tatu, ikaipakia kwenye magari ya kampuni za chai, sabuni na betri ambayo tayari yalikuwa yanafika vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla dunia haijasikia UKIMWI, dukani wilayani Meru huko Kenya iliuzwa kondomu ya kupanga uzazi kwa jina la Kiswahili, Kinga. Ugonjwa ulipokuja, njia ilikuwa imeshachongwa. Zaire, Kongo ya leo, wakawa na Prudence. Sisi tukapata Salama miaka ya 1990, baadaye ikaja Dume. Nakutajia haya ili mtu akikuambia umebuni ulaji wako, uwe na la kumjibu.

Kipimo changu cha bei ni soda. Pakiti ya tatu isipite bei ya soda moja mahali hapo. Ikipita, kijana atainunua siku ya mshahara na kuiacha siku nyingine zote.

Za bure usizidharau. Kuna binti ambaye mia tano yake ni unga wa watoto kesho. Kuna mwanafunzi. Kwa hao, sanduku la zahanati na lile la chooni kwenye baa ni uhai, na wewe uwaelekeze huko bila kuona wivu wa biashara. Ila za bure nimezikuta pia uwanjani, zimepulizwa, zimezungushiwa nailoni na kamba, watoto wanapiga mpira. Mpira mzuri, unadunda kweli. Lakini boksi zima lilikuwa limeondoka kwa siku moja, na jioni ile gesti ya jirani haikuwa na hata moja.

Nani yuko macho

Duka kubwa la mwaloni hufunga saa mbili usiku. Wakala wa M-Pesa hufunga mapema zaidi, anaogopa wezi. Duka la dawa muhimu lina heshima yake na uliweke kwenye orodha, lakini nalo hufunga. Hao wote wape mzigo wa mchana.

Mzigo wa usiku wape hawa: mwenye grosari, mkaanga chipsi, mlinzi wa gesti, binti wa mapokezi, bodaboda wawili wanaolala kijiweni. Dagoni kuna mmoja ambaye wageni humsahau, naye ni bora kuliko wote: anayechaji simu na betri za taa kwa sola. Kila mvuvi lazima apite kwake kabla ya kuingia ziwani na baada ya kutoka. Kibanda chake kina mwanga. Watu husimama pale muda mrefu wakingoja chaji, wanazungumza, na hakuna anayeshangaa mtu kutoa hela na kupokea kitu kidogo.

Mpe kila mmoja kiasi kidogo kwa mara ya kwanza, pakiti kumi na mbili hivi, akulipe taslimu. Ukimkopesha muuzaji wa usiku, mara ya pili atakukwepa kwa sababu ya deni, na utakuwa umepoteza hela na kituo kwa pamoja. Nimeyaona mara nyingi mno.

Fuata mwezi

Hili halimo kwenye semina zenu, na ndilo lililonipa mauzo kuliko tangazo lolote.

Dagaa hufuata taa. Usiku wa giza mitumbwi inatoka. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, mitumbwi inavutwa ufukweni na mabaharia wanapumzika. Wengi hufunga hesabu na tajiri, mwenye mtumbwi, mwisho wa giza. Kwa hiyo zile siku za mbalamwezi zina vitu vitatu kwa wakati mmoja: hela mfukoni, usiku wa kulala nchi kavu, na pombe. Wanakuja pia akina mama wanunuzi wa dagaa kutoka mjini, na wahudumu wa baa wanaohama dago hadi dago wakifuata hesabu.

Nilipoanza nilikuwa nagawa mzigo kila Jumatatu, kama nilivyoelekezwa. Nikifika dagoni siku za giza, muuzaji ananiambia hazijaisha. Nikirudi Jumatatu ya katikati ya mbalamwezi, ananiambia ziliisha Alhamisi. Siku nne tupu, na ni zile siku nne. Nilinunua kalenda ya ukutani, nikachora duara kwenye kila mwezi mpevu, nikaanza kupeleka mzigo siku tatu kabla yake, mara mbili ya kawaida. Kama uko kwenye kituo cha malori, tafuta mwezi wako: siku foleni ya mpakani inapokuwa ndefu. Kama uko shambani, ni wiki ya malipo ya pamba.

Jua

Kosa langu kubwa lilikuwa hili, nami nalisema wazi ili wewe usilirudie. Kwenye mwalo mmoja nilimpata muuzaji mwenye kibanda kizuri, dirisha la waya linatazama njia. Nikafurahi, nikampangia boksi la kuonyeshea palepale dirishani watu walione. Dirisha lilitazama magharibi. Kila siku, kuanzia saa nane mchana hadi jua linazama, zile pakiti zilikuwa zinachomwa. Baada ya miezi miwili rangi ya boksi ilikuwa imepauka, nami sikuelewa. Kisha vijana wawili wakaja kulalamika zimewapasukia. Habari ikaenea mwalo mzima kwamba kondomu hizi ni mbovu, na ilinichukua zaidi ya nusu mwaka watu kuniamini tena. Wale vijana siwasahau. Nilikwenda nao kupima mara mbili, siku ile na miezi mitatu baadaye. Majibu ni yao, si ya kuandika hapa.

Kwa hiyo dirishani weka boksi tupu. Zenye mali ziwe ndani, kwenye kopo lenye mfuniko, mahali pakavu, mbali na bati la ukutani, mbali na jiko, mbali na dumu la mafuta ya taa. Ukiwa unasafirisha kwa mtumbwi, funga katoni kwenye nailoni mbili na usiiweke karibu na injini. Bodaboda asizibebe mfuko wa nyuma wa suruali wiki nzima. Mwili una joto, na kukaliwa kunazichubua.

Soma tarehe mbele ya anayekuuzia, kabla ya kulipa. Niliwahi kuletewa katoni tatu zilizobakiza miezi minne na msambazaji mmoja, nami niliona tu bei ni nzuri. Dagoni, penye mzunguko wa polepole, miezi minne ni michache. Zinazokaribia kuisha zitangulie mbele, mpya nyuma. Na umfundishe muuzaji kuminya pakiti kwa vidole viwili: ndani kuna kimto kidogo cha hewa. Kama kimekwisha na pakiti imelala bapa, ina tundu; itupe.

Wauzaji wataikata pakiti ya tatu wauze moja moja, kama wanavyouza sigara. Nilikuwa napinga, siku hizi naruhusu, kwa sababu mwenye mia mbili naye ni mtu. Ila wakate kwenye mstari wa vitobo kwa mkono. Mkasi ukipita kando kidogo unafungua mfuko, na hakuna atakayeona mpaka usiku.

Maneno ya kaunta

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye grosari nikisubiri mwenye duka amalize hesabu. Akaingia kijana, magamba ya samaki bado yamekauka kwenye mikono. Akanunua soda, hakuinywa. Akanunua kiberiti. Akasimama. Akaangalia rafu, akaangalia chini. Mwenye duka, mtu mzuri tu lakini sauti yake ya kuita ng'ombe, akamuuliza: "Unataka kondomu wewe?" Meza ya nyuma wakacheka. Yule kijana akalipa, akatoka na kiberiti chake, soda akaiacha mezani.

Sikumgombeza mwenye duka mbele ya wateja. Walipotoka nilimwambia, "Baba, umempoteza mteja, na huenda umempoteza mtu." Tukapanga upya. Pakiti zikahamia pembeni ya vocha na viberiti, mahali ambapo mkono wa muuzaji huenda kila dakika. Tukakata magazeti vipande, pakiti kumi zikafungwa mapema kila asubuhi. Tukakubaliana kwamba mteja akisema "zana", "soksi", "ndomu" au akiinua tu vidole vitatu, anapewa bila swali. Na akinunua kiberiti kisha akabaki amesimama, muuzaji asogeze kifurushi cha gazeti kimyakimya na kusema bei. Ndani ya wiki mbili vidole vitatu vilikuwa lugha ya mwalo mzima.

Akija mwanamke kununua, apewe hivyo hivyo. Usikubali muuzaji amkague mwanamke kwa macho, uwe mkali kwa hilo. Akija mzee, shikamoo kwanza, kifurushi baadaye.

Gesti na baa

Gesti usiuze kwa mgeni, muuzie mwenye gesti. Mwambie aingize pakiti moja kwenye bei ya chumba, kama anavyoingiza kipande cha sabuni, taulo na kandambili. Mgeni akikuta ipo juu ya mto haombi, haoni haya, hatoki nje usiku. Mwenye gesti atasema mgeni wa peke yake ataibeba. Aibebe. Itatumika kwingine.

Wahudumu wa baa ndio walimu wako, wala si wewe uwafundishe. Kaa nao mchana wakiwa wanasuka. Watakueleza kilichopo: mwanamume anaongeza hela ili isivaliwe, mwanamume anakuja na ile ya "pipi hailiwi na ganda lake", tajiri anamnyima samaki mama mchuuzi mpaka akubali kulala naye, jambo ambalo wenzetu wa upande wa Kenya wanaliita jaboya. Pakiti peke yake haimalizi hayo. Kilichosaidia baa moja ni wahudumu wote sita kukubaliana neno moja, bila mmoja kujitenga: hapa bila soksi hapana, kwa yeyote na kwa bei yoyote. Mwanamume aliyekataliwa na wa kwanza alikataliwa na wa sita. Mwenye baa akasimama nao, na hapo ndipo ilipowezekana.

Waonyeshe pia kondomu ya kike, Lady Pepeta au nyingine utakayopata. Inaweza kuvaliwa saa kadhaa kabla, mwanamke akiwa na akili zake timamu na mwanamume hajalewa. Mwanzo wataicheka inavyoonekana. Kwenye baa hiyo wawili waliendelea kuitumia, na wawili si haba.

Wazee, shehe, mchungaji

Nenda kwao kabla hujauza pakiti ya kwanza. Anza na mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa mwalo, kisha nyumba za ibada. Usiwaombe wakubariki. Mimi husema: "Nyinyi hubirini watu watulie kwenye ndoa zao, nami naomba hivyo hivyo. Mimi nitashughulika na yule ambaye usiku huu hajawasikia." Wengi hunyamaza baada ya hapo, na kunyamaza kwao kunakutosha. Usiweke tangazo lenye picha ya kuchochea karibu na msikiti, kanisa au shule, hata kama makao makuu wamekuletea mia.

Kuonyesha

Beba sanamu ya mbao ya uume kwenye mfuko, usiitoe mpaka kundi liwe limezoea. Wavulana na wasichana tofauti kwanza. Kisha onyesha taratibu: soma tarehe, minya hewa, sogeza kondomu upande mmoja wa mfuko, chana kwa mkono upande wa pili, usitumie meno. Uume ukiwa umesimama na kabla haujagusa kitu, bana ncha kutoa hewa, vingirisha mpaka mwisho wa shina. Ikikataa kuvingirika umeigeuza; itupe, chukua nyingine, usiigeuze uitumie. Moja tu, si mbili pamoja. Ukimaliza, toka uume ukiwa bado umesimama, umeshika ukingo. Funga fundo, kunja kwenye karatasi, tupa kwenye choo cha shimo. Usitupe ziwani.

Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua: mafuta. Mafuta ya mgando, losheni, mafuta ya kula, yote yanaulegeza mpira ndani ya dakika chache. Anayehitaji kulainisha atumie kilainishi cha maji. Mwambie kila mtu, kila mara, mpaka uchoke.

Siku hizi kijana atakuambia kuna vidonge. Mwambie ndiyo, vipo, na ni habari njema. Mwenye virusi anayemeza ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake, na asiye navyo anaweza kupewa dawa kinga. Mwelekeze kliniki. Kisha mkumbushe kisonono, kaswende na mimba, ambazo vidonge hivyo havizuii.

Daftari

Usijivunie katoni ulizoshusha dukani. Andika kwenye daftari safu mbili tu: tarehe uliyopeleka, na siku ambazo muuzaji alikaa bila hata moja. Safu ya pili ndiyo ripoti yako ya kweli. Ukimuuliza muuzaji "zimeuzwaje?" atakufurahisha, ukimuuliza "mara ya mwisho mtu kukosa ilikuwa lini?" atakuambia.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, daftari langu lilinionyesha nani wa kumkimbilia kwanza. Niligawa akiba niliyokuwa nayo kwa vituo vya usiku peke yake, nikawaacha wa mchana wakae tupu. Iliniuma, kwa sababu wa mchana ni rafiki zangu wa miaka. Lakini mteja wa mchana ana saa kadhaa za kutafuta kwingine.

Na nyumbani kwako weka pakiti ishirini kwenye kopo, karibu na mlango. Wakishajua unauza, watabisha hodi saa saba usiku. Amka, usiwashe taa kubwa, usiulize ni nani. Bei ile ile ya mchana.